Kikopo cha wifi

Wiki ya harusi yangu, Tanga, nilikuwa chumbani somo wangu ananisinga. Singo alitengeneza mwenyewe: liwa ya kusaga kwenye jiwe, mawaridi makavu, karafuu kidogo, vyote kavichanganya na marashi. Akisugua mgongo taka inadondoka kama makombo, chini inabaki ngozi nyororo, nyeusi tii, ile ile niliyozaliwa nayo.

Wifi akaingia na kikopo kisicho na lebo. "Wifi, jipake usiku, picha zitoke vizuri. Kaka yangu mweupe, mtapishana sana."

Mkorogo naujua, hayo mafuta ya kujichubua. Wakati huo nilikuwa nauza duka la dawa, na wanawake wenye mashavu yaliyoungua walikuwa hawakatiki. Uso mwekundu, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi kwa sababu ngozi ya pale ni nene, haikubali. Humo mna haidrokwinoni, dawa ya kupausha ngozi, mna steroidi kali, mara nyingine zebaki, ambayo hupenya kwenye ngozi ikaenda kuharibu figo. Steroidi nazo zinaikondesha ngozi. Siku ukipasuliwa, kidonda kinachelewa kufunga. Na mimi naolewa, natarajia kuzaa.

Nikamwambia, "Ahsante wifi, sipaki." Akanuna. Akasema basi nitamuaibisha kaka yake mbele za watu.

Hapo ndipo aliponichoma. Maneno ya weusi wangu nimeyasikia tangu shule ya msingi, yalishaisha makali. Ila yakija kwa jina la mtu unayempenda, yanafika pengine kabisa.

Jioni nikampigia mchumba wangu, nikamuuliza bila kuzunguka: wewe ndiye uliyemtuma?

"Sijamtuma," akasema. "Ngozi ni yako, mimi sina la kuamua hapo. Lakini mtu asikutishe kwa aibu yangu, mimi aibu hiyo sina. Namfuata sasa hivi."

Akamfuata kweli, usiku ule ule, hakungoja shughuli ipite. Nimeona wanaume wengi wanampenda mtu chumbani, mbele ya dada zao wanakuwa mabubu. Wifi alininunia mpaka fungate ikaisha. Sawa tu.

Picha zilipotoka, mpiga picha alikuwa ameshanipausha kwenye kompyuta, tumekuwa rangi moja mimi na mume wangu. Tukarudi studio wote wawili. Mume wangu akakaa kwenye benchi, mimi ndiye niliyeongea: rangi yangu irudishwe, picha zote zisafishwe upya, na gharama ya karatasi iwe ya mpiga picha.