Sukari ya asubuhi

Mimba yangu ya pili ilipotimu wiki ya 26, kliniki hapa Lamu walininywesha gramu 75 za glukosi nikiwa na tumbo tupu. Baada ya saa mbili mashine ikasoma sukari ya damu 9.1, kwa milimoli kwa lita. Ilitakiwa isifike 8.5. Nikaambiwa ni kisukari cha mimba.

Mamangu hakuamini. Kwetu mja mzito hulishwa mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, wali wa nazi mchana. Niliacha mahamri, wali nikaupima kwa kikombe kidogo, nikazidisha samaki na mchicha. Nikisha kula natembea njia ya pwani kuelekea Shela. Sukari ya baada ya chakula ikatulia.

Ya asubuhi ndiyo iliyonitesa. Naamka sijatia kitu mdomoni, nafinya tone la damu kidoleni, nasoma 6.2, na mwisho wangu ulikuwa 5.3. Nikaona nakula kingi usiku, nikaanza kulala na njaa. Ikapanda 6.5. Nililia, hata daftari nikaona haya kulipeleka kliniki.

Muuguzi akalipitia ukurasa kwa ukurasa. "Mwanangu, hii si ya chakula. Ukilala, ini latoa sukari yake, na homoni za kondo la nyuma zaizuia insulini yako kuishusha. Usijinyime."

Nikaandikiwa insulini ya usiku. Hofu yangu ilikuwa mtoto. Akanieleza kwamba insulini ile haivuki kondo, kinachovuka ni sukari. Mtoto akiipata nyingi hunenepa, na mabega yanaweza kukwama wakati wa kuzaliwa. Sikubishana tena. Friji hatuna, kwa hiyo kichupa kilikaa kwenye chungu kilichotiwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa.

Nilijifungulia hospitali, wiki ya 39. Walimchoma mtoto kisigino: 2.1, chini mno. Kitovu kimekatwa, sukari yangu haimfikii tena, na insulini aliyojitengenezea mwenyewe kwa ajili ya sukari ile bado ni nyingi mwilini. Nikampa titi pale pale, na kipimo cha pili kikapanda.

Arubaini ilipoisha mamangu akaleta halwa. Nikamwomba asubiri siku mbili. Wiki ya sita nilikunywa tena yale maji matamu, yeye kando yangu na daftari mkononi. Baada ya saa mbili: 6.4. Aliiandika mwenyewe. Tuliporudi nyumbani akanikatia halwa, kipande cha ukubwa wa kidole gumba.