Upanga Wangu Ulikataliwa Brokeloh

Upanga wangu ulikataliwa kabla sijapiga nao hata kichaka. Mkaguzi wa silaha za mchezo aliupokea kwa mikono miwili, akaukunja kama upinde, akauachia, kisha akakandamiza ncha kwa kidole gumba. Akanyamaza. Akanishika mkono, akaweka kidole changu palepale. Chini ya sponji nilihisi kitu kigumu: ule ufito wa ndani unaoshikilia umbo la upanga, ukiwa umekaribia kabisa kutoboa.

"Ukimwingia mtu jichoni?" aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipa euro 85 kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeniapia kuwa ni silaha salama ya larpu, mchezo ambao watu huigiza wahusika waliojitungia. Nauli ya teksi kutoka stesheni ya Nienburg nayo ilikuwa imeniuma vibaya, na viatu vipya vya ngozi vilikwishanichubua visigino. Nikarudi hemani na chuma kisicho chuma, nimekasirika kweli.

Larpu ndiyo iliyonifikisha huko. Tamasha la ConQuest of Mythodea lilianza mwaka 2004 na hufanyika kiangazi Brokeloh, kijiji cha Lower Saxony, Ujerumani. Kwa siku kadhaa maelfu ya watu huishi mahemani wakiwa askari, makuhani, wachuuzi na mazimwi. Hakuna jukwaa wala watazamaji, na mazungumzo hayakuandikwa popote. Kila mtu amejitungia mhusika wake, akamshonea nguo, na kuanzia mchezo ukifunguliwa humwiti kwa jina jingine.

Hema la jirani alikaa mzee wa Kiingereza. Aliutazama upanga wangu, akatikisa kichwa, akaingia ndani na kutoka na wa kwake wa akiba. Aliniambia alianza ujanani katika kasri la Peckforton, Cheshire, ambako kundi la Treasure Trap lilianza kucheza mwaka 1982. Siku zile, alisema, panga zao zilikuwa fimbo zilizovikwa sponji na kuzungushiwa utepe wa gundi. "Shika, kijana. Uukaushe vizuri kabla ya kunirudishia." Hakutaka hata senti.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa mvua tupu.

Siku ya tatu tukaingia vitani. Kitu kilichonishangaza ni kwamba hakuna refa wa kukuhesabia mapigo. Kichwani ni marufuku kupiga. Kwingineko, upanga ukikugusa, unajua wewe mwenyewe na aliyekupiga, basi. Nilimwona jitu la miraba minne, lenye ngao kubwa kama mlango, likiguswa begani na binti mdogo asiyeonwa na mtu mwingine. Jitu likadondosha silaha, likapiga magoti kwenye tope. Lingeweza kuendelea tu, na hakuna ambaye angelisema neno.

Mimi nilipigwa mguuni, kisha kifuani. Nikaanguka, nikalala chali. Nikiwa pale tope likiniingia shingoni, nilikumbuka utoto, tulivyocheza baba na mama na mawe yakawa wali. Sikumbuki siku tuliyoacha. Nakumbuka tu kwamba mtu mzima mmoja alisema sasa mmekua, nasi tukaona aibu.

Mganga akanifikia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfuko wa bendeji begani, vidole vimepakwa rangi nyekundu. "Usifumbe macho, ndugu. Umetoka wapi? Nani anakungoja?" Alinifunga paja taratibu, kama mtu mwenye jeraha la kweli, akiimba kwa sauti ya chini. Nikamjibu kama mhusika wangu, na sauti ikanikwama.

Ghafla: "Stopp!" Neno likapokewa mdomo kwa mdomo. Mazimwi yakateremsha mashoka na kuchuchumaa. Mtu alikuwa ameteguka mguu, safari hii kwelikweli, na watu wa huduma ya kwanza wakapita mbio katikati yetu. Mganga akaniinamia. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, ya mtu wa kawaida. "Unatetemeka. Ni mchezo au una baridi?"

"Baridi," nikasema.

Akavua joho lake la sufu, akanifunika hadi kidevuni. Majeruhi alipokwisha kuondolewa, amri ya kuendelea ikatolewa, makelele yakarudi, naye akaendelea palepale alipoachia: "Damu imeacha kutoka. Utaishi." Joho akaniachia, akakimbilia mwingine, mvua ikimnyeshea mabegani.

Siku ya mwisho, mahema yakishushwa, nilizunguka na lile joho mkononi. Nilimkuta nyuma ya gari dogo, amevaa jinzi, anakunja turubai. Hakunitambua. Nikamwonyesha bendeji, ambayo sikuwa nimeifungua. Akacheka, akaweka turubai chini, akanipa mkono na kunitajia jina lake halisi. Nami nikamtajia langu.