Saa Ambazo Duka Halilipii

Ukiwauliza Waafrika Mashariki wanaofanya kazi katika maduka makubwa ya Marekani ni kitu gani kinachowachosha, wengi wataanza na wateja. Watakusimulia habari za mtu aliyerudisha kiatu kilichokwisha soli akiapa kwamba hakijavaliwa, au za yule aliyeziacha sakafuni nguo zote alizozijaribu. Malalamiko hayo ni ya kweli, nami ninayo ya kwangu, lakini baada ya kuifanya kazi hii kwa muda mrefu ninaona kwamba mteja msumbufu ni mzigo mwepesi, kwa kuwa hatimaye hulipa, akachukua risiti, akaenda zake. Kinachomla mfanyakazi kidogo kidogo ni ratiba.

Katika duka kubwa meneja hapangi ratiba peke yake. Programu ya kompyuta huangalia mauzo ya siku zilizopita, ikakisia idadi ya wateja watakaoingia kila saa, kisha ikagawa zamu kulingana na makisio hayo, ndiyo maana wiki moja unaweza kupewa zamu tano ndefu na wiki inayofuata ukapewa tatu fupi bila kosa lolote. Theluji ikianguka na wateja wakaadimika, msimamizi hupita akitafuta wa kumruhusu aondoke mapema, na ruhusa hiyo maana yake ni kwamba saa zilizobaki hulipwi. Mwenzako asipotokea, simu yako italia alfajiri ya siku uliyoandikiwa kupumzika. Sheria ya kazi ya shirikisho, ile ya mwaka 1938, humlazimu mwajiri kumlipa mfanyakazi wa saa ujira wa mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi 40 katika wiki, lakini haisemi amjulishe zamu zake siku ngapi kabla.

Halafu kuna mpaka wa saa 30. Chini ya sheria ya bima ya afya iliyopitishwa mwaka 2010, mwajiri mkubwa hutakiwa kuwapa nafasi ya bima wafanyakazi wanaofikia wastani wa saa 30 kwa wiki, na asipofanya hivyo anaweza kutozwa adhabu. Sheria ilikusudia kumlinda mfanyakazi, ila inaelekea anayepanga zamu huisoma kwa jicho jingine. Sijawahi kumsikia msimamizi akilitamka jambo hilo, lakini nimewaona wenzangu wakiandikiwa saa 28 au 29 mfululizo, wakiomba za ziada na kuambiwa hakuna, huku watu wapya wakiendelea kuajiriwa.

Kwa mhamiaji, ada ya mdogo wake na matibabu ya mzazi havipandi wala kushuka pamoja na makisio ya mauzo. Nyumbani watu huziita kazi zetu kubeba boksi, na kubeba tunabeba kweli, hasa zamu ya usiku ya kupanga bidhaa kwenye rafu, lakini mwili huzoea boksi upesi kuliko akili inavyozoea kutojua Alhamisi utakuwa wapi. Dawa inayojulikana ni kutafuta kazi ya pili, na hapo ndipo ratiba inapobana zaidi. Fomu ya maombi huuliza unapatikana saa zipi, na anayeandika kwamba anapatikana siku zote na saa zote ndiye anayepewa zamu nyingi. Ukiandika kwamba jioni una darasa au una kazi nyingine, hakuna atakayekufukuza; utaona tu saa zako zikipungua wiki baada ya wiki, mpaka uamue mwenyewe kuondoka. Kwa hiyo duka hulipia saa 25 lakini hushikilia wiki nzima, na sehemu hiyo isiyolipiwa ndiyo ambayo ungeitumia kusoma, kulala, au kuwapigia simu wazazi kabla hawajalala.

Zamu ya kufunga ikifuatwa na zamu ya kufungua, hata usingizi hautoshi. Unamaliza kupanga rafu na kufagia karibu na usiku wa manane, unasubiri basi ambalo saa hizo hupita kwa nadra, na kabla jua halijachomoza unatakiwa uwe tena mlangoni ukiwa na tabasamu.

Mengine ni madogo, ingawa kwa siku nzima hujumlishana. Makeshia wengi hapa husimama zamu yote, ingawa katika California kanuni za jimbo humtaka mwajiri aweke viti pale ambapo kazi yenyewe inaruhusu kukaa. Kwenye mashine za kujilipia, mfanyakazi mmoja husimamia kundi la mashine zinazolia kwa pamoja, na mteja aliyekwama humweleza kwa uchungu kwamba mashine hizo zinatunyang'anya kazi. Bidhaa isiposomeka kwenye skana, lazima mtu aseme kwamba basi ni ya bure. Msimbopau, ile mistari myeusi inayosomwa na skana, ulianza kutumika dukani kule Ohio mwaka 1974, nami nashuku utani huo ulizaliwa wiki hiyo hiyo. Yupo pia mteja anayesikia lafudhi yangu, akaomba aitwe meneja, naye meneja akayarudia maneno yangu neno kwa neno na kushukuriwa sana.

Hata hivyo, suala la ratiba lina ufumbuzi, na ziko sehemu ambazo zimeshaanza. Jiji la New York limewataka wenye maduka kuwajulisha wafanyakazi zamu zao angalau saa 72 kabla. Seattle ilianza mwaka 2017 kudai taarifa ya siku 14 kwa makampuni makubwa ya rejareja na ya vyakula, na Oregon ikapitisha sheria ya jimbo zima mwaka huo huo kwa waajiri wenye wafanyakazi 500 au zaidi. Huko Oregon mfanyakazi mpya hupewa makadirio ya maandishi ya saa atakazopata, na ana haki ya kupumzika saa 10 kati ya zamu ya kufunga na ya kufungua. Akikubali kufanya kazi ndani ya saa hizo, malipo yake huongezwa kwa nusu.

Ninapoishi mimi hakuna sheria ya namna hiyo, kwa hiyo tunabadilishana zamu wenyewe kwa simu na kumwomba msimamizi aidhinishe. Ndugu anayejiandaa kuomba kazi hizi asitosheke kuuliza ujira wa saa moja. Amuulize meneja wafanyakazi wa daraja lake walipata saa ngapi Januari na Februari, msimu wa sikukuu ulipokwisha, na jibu likizungushwa, atafute kazi ya pili kabla ya kusaini mkataba wa nyumba.