Nilivyoachana na Popoo kwa Msaada wa Mbata

Kilichoniudhi zaidi wakati wa kuacha tambuu, yaani lile jani linalotafunwa pamoja na kokwa ya popoo na chokaa, si hamu yake, bali washauri. Shangazi, ambaye kijaluba, kile kikopo cha kuwekea tambuu, hakimtoki mkononi, alinihakikishia kwamba mbaya ni tumbaku peke yake: "Toa tumbaku, mwanangu, ule popoo na chokaa yako kwa raha." Muuza dawa mmoja hapa Unguja akaniuzia dawa ya fangasi ili iondoe utando mweupe uliokuwa ndani ya shavu langu la kushoto, upande niliozoea kuiweka tambuu. Utando wa fangasi kwa kawaida hufutika. Wangu niliusugua mpaka ukatoa damu, wala haukubanduka.

Daktari wa meno hakubishana na mtu. Aliniambia niingize vidole vitatu, kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya juu na ya chini. Viwili vikapita kwa taabu, cha tatu kikagoma. Akalipapasa shavu, akanionyesha nyuzi ngumu zilizokazana chini ya ngozi, akasema hayo ni makovu ya popoo, na ndiyo sababu pilipili kidogo tu ya urojo ilikuwa ikiniunguza mdomo mzima. Tangu mwaka 2004, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiorodhesha popoo yenyewe, hata isiyochanganywa na tumbaku, miongoni mwa visababishi vya saratani. Kipande cha nyama kilichokatwa kwenye utando hakikuonyesha saratani, ila chembechembe zake zilikuwa zimeanza kubadilika, na hali ya namna hiyo haichezewi.

Jirani mmoja akanishauri nitafune karafuu, eti inakata hamu. Katika shavu lenye michubuko, karafuu ilinitoa machozi mbele ya wageni, nikaitema ndani ya kikombe cha chai ambacho, kwa bahati mbaya, hakikuwa changu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilichokikosa hasa ni ule mlio wa mkasi wa popoo na kitu kigumu cha kusaga kwa meno. Nikanunua mbata, yaani nazi iliyokaushwa, nikaikatakata kwa mkasi uleule vipande vyembamba, nikavichanganya na iliki iliyopondwa, nikavijaza ndani ya kijaluba changu, palepale penye nafasi ya popoo. Mkono ukienda kwenye kijaluba kwa mazoea, unakuta mbata, na taya linaridhika. Ujanja huo ni wangu, sikufundishwa na mtu.

Kwa ajili ya taya nilitumia vijiti vya aiskrimu, nikivipanga kati ya meno na kuongeza kimoja kila nilipoona vinapwaya. Afanyaye hivyo asilazimishe, maana shavu huchanika.

Utando umefifia, lakini makovu hayakulegea yote, na daktari alishaniambia nisitarajie hivyo. Bado ninaenda kukaguliwa kila baada ya miezi michache. Fedha ya mbata, iliki na vijiti haikaribii hata kidogo ile niliyokuwa nikimwachia muuza tambuu.