Fataki Imegongwa, Risasi Imegoma

Marekani, ambako watu wengi hujitengenezea risasi za bastola nyumbani kwa kujaza upya maganda yaliyotumika, risasi ikigoma wa kwanza kulaumiwa ni kiwanda cha fataki, yaani kile kidude kwenye kitako cha ganda kinachowasha baruti. Mara nyingi kinaonewa. Fataki mbovu kutoka kiwandani ni nadra. Kosa kwa kawaida liko kwenye jinsi ilivyopachikwa.

Lakini usalama kwanza. Ukivuta triga ukasikia mlio wa kugonga tu, acha mtutu uelekee shabaha na usubiri sekunde 30, kwa kuwa baruti huweza kuchelewa kushika. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, usifyatue tena hata kidogo. Huenda ganda halikuwa na baruti, na fataki peke yake imesukuma kichwa cha risasi kikakwama ndani ya mtutu. Risasi inayofuata inaweza kuupasua. Toa magazini, hakikisha chemba, yaani sehemu ya mtutu risasi inapokaa, ni tupu, fungua bastola, kisha uangalie mtutu mzima.

Sasa tazama alama iliyoachwa kwenye fataki na pini, kile kichuma cha bastola kinachoigonga. Ndani ya fataki kuna kikombe, kemikali na kichuma kidogo kinachofanya kazi ya fuawe. Pini inapobonyeza kikombe, kemikali hubanwa dhidi ya fuawe na kuwaka. Miguu ya fuawe isipokaa chini kabisa ya tundu la fataki kwenye ganda, pigo la kwanza hupotea kwa kuisukuma fataki ndani. Ndiyo maana risasi hiyohiyo mara nyingi hulipuka ikigongwa mara ya pili. Ukiona hivyo, usihangaike na bastola.

Fataki inapaswa kuwa sawa na kitako cha ganda au chini yake kidogo, kama milimita 0.1. Pitisha kidole: isichomoze. Au simamisha ganda juu ya kioo. Likiyumba, fataki iko juu. Kwa maganda ya kijeshi, sababu ya kawaida ni ukingo uliobanwa kuizunguka fataki ya awali, ambao lazima ukatwe kabla ya kupachika mpya. Maganda ya .45 ACP, aina mojawapo ya risasi za bastola, nayo yana matundu ya saizi mbili, kubwa na ndogo, kwa hiyo yachambue mapema.

Alama ikiwa haina kina na pigo la pili pia likishindwa, hapo geukia bastola. Rivolva iliyolegezwa springi ili triga iwe nyepesi ndiyo mtuhumiwa wangu wa kwanza. Fataki za kampuni ya Federal zinajulikana kuwa laini, yaani huwaka hata kwa pigo jepesi; za kampuni ya CCI ni ngumu zaidi. Kwa bastola ya magazini, slaidi, ile sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele, huenda haikufunga kabisa. Toa mtutu na udondoshe risasi kwenye chemba yake: iingie yenyewe, izunguke, itoke bila kuvutwa. Risasi ya aina ya 9 mm Luger isizidi urefu wa milimita 29.69, ila baadhi ya mitutu hutaka fupi zaidi kulingana na umbo la kichwa. Mdomo wa ganda uliopanuliwa usiporudishwa, risasi hukwama pia. Ukibanwa kupita kiasi, risasi huzama ndani ya chemba na pini hugonga kwa udhaifu, maana kinachoizuia risasi ya 9 mm isizame zaidi ni mdomo wa ganda lake.

Fataki iliyo juu kwenye risasi iliyokwisha kujazwa usiisukume ndani. Itenganishe risasi hiyo kwa nyundo maalumu ya kutolea vichwa vya risasi, miwani ikiwa usoni.