Nilivyowapima wana-joging wetu, kila mtu kwa saizi yake

Nilipokabidhiwa kazi ya kupima pumzi za wenzangu kwenye kikundi chetu cha joging hapa Tanga, ushauri ulikuwa mmoja tu: "Wakimbize wote dakika 12, uone nani kafika wapi." Kipimo hicho alikitoa Kenneth Cooper, daktari wa jeshi la anga la Marekani, mwaka 1968, na aliowapima walikuwa wanajeshi. Sisi tuna vijana wa bodaboda, mama aliyejifungua kwa upasuaji, bibi wa miaka sabini na kitu, na mzee mstaafu wa bandari mwenye presha. Kuwakimbiza hao wote mpaka waishiwe pumzi ni kuchezea roho za watu, na inaniudhi kuona wenye filimbi shingoni ndio wanaoshauri hivyo.

Nilianza na maswali: kifua kinabana? Unapata kizunguzungu? Unameza dawa gani? Niliuliza kila mtu kando, maana hakuna atakayetaja presha yake mbele za watu. Mwenye dalili alienda kwanza kwa daktari. Mama wa upasuaji sikumpima kabisa mpaka kliniki waliporuhusu. Vijana wazima ndio nikawaachia zile dakika 12.

Mzee alikuja na ruhusa ya daktari ya mazoezi mepesi. Fundi alituchongea kibao cha kimo cha sentimita 30: unapanda na kushuka dakika tatu, kisha unahesabiwa mapigo. Yakiwa machache, moyo ni imara. Mzee hakumaliza. Jasho lilimtiririka na nilipomsemesha alijibu neno moja moja, nikamsimamisha. Kushika mkono wake, mapigo yamepoa kama ya mkimbiaji! Wenzetu wakaanza kumpongeza. Mimi nikakataa.

"Mzee wangu, hivyo vidonge vya presha vinaitwaje?"

"Hivi hapa, mwanangu." Akatoa pakiti mfukoni: atenolol.

Dawa hiyo huzuia moyo usiende mbio hata mwili ukielemewa. Dawa za presha ni nyingi na si zote zinazofanya hivyo, ndiyo maana nataka jina lenyewe. Kwa mtu kama huyo, hesabu ya mapigo inadanganya.

Nikampa kutembea dakika sita kati ya koni mbili, mita 30 kwenda, mita 30 kurudi, kwa mwendo wake, ruksa kusimama apumzike. Tunaandika mita na kumlinganisha na yeye mwenyewe. Akishindwa kusema sentensi nzima, apunguze mwendo.

Bibi nilimpima kwa kiti: mikono kifuani, asimame na kukaa kadiri awezavyo kwa sekunde 30. Viti vya plastiki visitumike, vinateleza kwenye sakafu. Chetu ni cha mbao, kimeegemezwa ukutani. Kibao na koni vilikula kama elfu thelathini hivi, fundi alitupunguzia.

Mzee sasa hudai kupimwa kila mwisho wa mwezi. Kwenye daftari, mita zake zinakaa mbele ya jina la dawa yake.