Laptopu yangu ilivyoacha kunguruma kwenye GTA V

Laptopu yangu ilikuwa inapata moto na kunguruma nikicheza gemu la GTA V, na ushauri nilioupata kupita wote ni "nunua feni za kuweka chini ya laptopu". Nikanunua Kariakoo, elfu hamsini na ushee, zina taa za bluu za kuvutia kweli. Joto likashuka nyuzi mbili tatu, na kelele zikawa za feni za ndani na za nje kwa pamoja.

Mashine yenyewe ni ya mtumba, prosesa Core i7-9750H, kadi ya grafiki GTX 1660 Ti. Ukifungua gemu, muda mfupi tu prosesa inagusa nyuzi 95, feni zinalia kama mashine ya kusaga, picha inaanza kukwamakwama. Inakwama kwa sababu prosesa ikifika huko inajipunguza mwendo yenyewe isiungue. Na Dar mwezi wa kwanza, chumba kikiwa na nyuzi 32, ongeza feni utakavyo: zinapuliza hewa ileile ya moto.

Rafiki yangu mmoja, mtaalamu wa kila kitu, akaja na chupa za maji zilizoganda, kazifunga kwenye kanga. Tukaiweka mashine juu ya chupa hizo. Nisiseme uongo, mwanzo ilikuwa raha: nyuzi 78, tukapeana tano. Kisha nikainua. Chini chepechepe! Chupa hazikuvuja, vifuniko viko palepale. Hewa ya pwani wakati wa joto ina maji mengi, kitu kikipoa chini ya nyuzi 24 hivi kinatoa jasho, na matone yalishaanza kusogelea matundu ya hewa. Yeye bado anaeleza, mimi nimeshachomoa chaja.

Fundi naye: "Bosi, feni zimechoka hizi, tubadilishe zote mbili." Bei yake inakaribia laki na nusu. Nikamwambia fungua kwanza tuone. Kati ya feni na mapezi ya shaba ya kutolea joto kulikuwa na vumbi limeshikana hadi unaweza kulibandua zima. Hakuna feni iliyochoka hapo. Tukasafisha kwa brashi na blowa (bana feni na kijiti cha meno, upepo wa blowa ukiizungusha ovyo unaua beringi), grisi ya prosesa iliyokauka tukabadilisha na MX-4. Nikatoka na nyuzi 88.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho hakuna aliyeniambia, na ni bure. Mipangilio ya umeme ya Windows, ile ya ndani zaidi, ina mstari wa kiwango cha juu cha prosesa. Umeandikwa asilimia 100. Andika 99. Basi! Ile moja uliyoondoa inazima mbio za ziada: prosesa hii mwendo wake wa kawaida ni GHz 2.6, lakini ikijisikia inajirusha hadi 4.5, na joto kubwa linatoka huko. Nilipobadilisha nikadhani HWiNFO, programu ninayosomea joto, imeharibika. Nyuzi 71! Fremu (picha zinazochorwa kila sekunde) zilipungua kidogo sana, maana GTA V kwangu inaielemea zaidi kadi ya grafiki, na kukwamakwama kumekwisha kabisa. Nilicheka peke yangu.

Nikapata uchu, nikaingia kwenye programu ya NVIDIA nikafunga fremu zisizidi 60. Hapo kabla hata ukiwa kwenye menyu tu, hujaua mtu wala kuiba gari, kadi ilikuwa inachora fremu mia na kitu za menyu. Za nini?

Feni nimezipanga kwa programu ya kampuni iliyotengeneza mashine, maana MSI Afterburner, programu ambayo wengi huitumia kupanga feni za kadi, haikuziona kabisa, na kwa laptopu nyingi ni hivyo. Nimezituliza kwenye mwendo mmoja wa kati mpaka nyuzi 75. Kinachokera masikioni ni ile kupanda na kushuka kila sekunde.

Wa magemu ya kujenga miji, asilimia 99 mtaisikia, yale yanakula prosesa. Nyie jaribuni kupunguza volti za prosesa kwa programu ya ThrottleStop, kama njia hiyo haijafungwa kwenye mashine yenu. Kampuni nyingi ziliifunga kwenye masasisho ya BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) baada ya Plundervolt, udhaifu wa kiusalama unaopitia kuchezea volti za prosesa, kutangazwa Desemba 2019. Yangu imefungwa. Zile feni za taa za bluu nauza, bei tutaelewana.